Msimu wa Vikapu Umefika: Jua Ratiba ya Mwanao Kabla Simu Haijalia

Muhula wa kwanza ndio wa mpira wa vikapu mashuleni, na mzazi yeyote wa Likoni, Kisauni au Changamwe mwenye kijana kwenye timu anajua maana yake. Januari zinaombwa raba. Februari inaombwa nauli. Timu ikiwa na bahati, Machi inaingia na orodha ya mchango kwenye kundi la WhatsApp, ile orodha inayonakiliwa na kubandikwa tena kila mtu anapoongeza jina lake na alama ya tiki. Ni msimu mtamu. Ni msimu pia ambao pesa nyingi ndogo ndogo hupita kwenye simu kwa haraka, kutoka kwa watu wanaoaminiana, kwenda kwa namba ambayo wengi wao hawajawahi kuitumia hata shilingi kumi.

Matapeli nao wana kalenda. Wanajua wanafunzi wanasafiri lini, na wanajua kwamba mzazi ambaye mtoto wake yuko safarini ana wasiwasi hata kabla simu haijalia. Kwa hivyo leo tunazungumzia ratiba. Mzazi anayejua timu inacheza lini, wapi, na ni nani anayeisimamia, hadithi nyingi za matapeli hukosa pa kusimama mbele yake. Asiyejua hubaki na sauti ya mgeni tu kwenye simu.

Ratiba inavyopanda

Michezo ya shule za sekondari hupanda ngazi kwa ngazi. Mombasa tuna kaunti ndogo sita: Mvita kule kisiwani, na huku ng'ambo Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni na Nyali. Washindi wa kaunti ndogo hukutana ngazi ya kaunti. Bingwa wa Mombasa huenda kukutana na wenzake wa Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta kwenye mashindano ya Pwani, na hapo ndipo anapopatikana wa kwenda taifa. Fainali za kitaifa zinaweza kuwa mji wowote wa Kenya, kwa hivyo safari yake ni ya siku kadhaa na pesa yake si ya kuokota. Juu ya hapo kuna michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo 2022 ilichezwa Arusha, 2023 ikawa Huye kule Rwanda, na 2025 ikaja nyumbani, Kakamega.

Mzazi mgeni kwenye mambo haya huenda asiwaze jambo moja: timu ikitolewa, imetolewa. Timu iliyofungwa Likoni siku ya Alhamisi haiwezi kuwa Kilifi Jumatatu ikicheza. Ukipigiwa Jumatatu ukaambiwa mwanao ameumia katikati ya mechi kule Kilifi, na wewe unajua walirudi Alhamisi jioni wakiwa wamenuna, mazungumzo yameisha. Ndiyo maana tunasema matokeo ya mechi ni habari ya mzazi pia, hata kama hujui tofauti ya pointi mbili na pointi tatu. Muulize kijana: mmeshinda? Mechi inayofuata ni lini? Inachezewa wapi? Hayo matatu yanatosha.

Kwa vyuo mambo ni tofauti kidogo. Vyuo vikuu, kama TUM pale Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vina shirikisho lao la michezo, KUSF. Vyuo vya kiufundi vina mashindano ya KETISO. Vyuo vya walimu, kama Shanzu hapo Kisauni, vina ya kwao. Wanamichezo hawa ni watu wazima wenye simu na laini zao, kwa hivyo mzazi huweza kumpigia mwanawe mwenyewe akauliza. Hatari yao iko kwingine, tutaifikia.

Na kwa wale wanaosema vikapu ni mchezo wa Nairobi: bandari, yaani KPA, ina timu ya wanaume na ya wanawake kwenye ligi kuu ya taifa, na nyumbani kwao ni ukumbi wa Makande, hapo hapo kisiwani. Nairobi City Thunder nao, mwaka 2025, walikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Basketball Africa League, kwenye kundi la Nile lililochezewa Kigali. Kijana wa Mtongwe anayevuka feri na mpira kwapani ana pa kuelekeza macho. Ndiyo maana mzazi hutoa hata kile ambacho hana.

Simu ya saa nne asubuhi

Uko Kongowea unapanga nyanya, au uko kwenye foleni ya feri. Namba usiyoijua.

"Mama, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo. Usishtuke, mama. Kijana ameanguka uwanjani, mguu umevimba, tuko naye hospitali. Daktari anataka apigwe picha sasa hivi. Tuma elfu tatu na mia tano kwa hii namba, ni ya daktari mwenyewe. Usikate simu, mama, nisaidie."

Tumeandika maneno hayo wenyewe, lakini wengi wenu mnaujua mtindo wake. Hebu tuyapasue kidogo, kwa sababu ukijua yanavyofanya kazi hayakutishi tena.

Anakuita mama na kukusalimu kwa adabu, kwa hivyo unamchukulia kama mtu wa shule. Analijua jina la kijana, na pengine namba ya jezi yake. Nyuma yake kuna kelele za watu, na kelele hazina gharama. Kiasi anachotaka si kikubwa, maana akitaka elfu arobaini utampigia baba, utampigia shangazi, utaanza kukopa, na kila utakayempigia atakuuliza swali. Elfu tatu na mia tano unayo, au unaweza kuipata bila kumwambia mtu. Halafu kuna lile neno lake kubwa kuliko yote: usikate simu. Hilo ndilo kufuli la mlango. Maadamu uko naye kwenye laini, huwezi kumpigia mwalimu wa kweli.

Na mwanafunzi wa sekondari huwezi kumpigia, kwa sababu simu haziruhusiwi shuleni. Tapeli anajua hilo vizuri sana.

Basi la kwanza ni kukata simu. Utaona kama unamkosea mwalimu heshima, lakini mwalimu wa kweli ataelewa, na wengi wao wangependa ufanye hivyo. Ukishakata, pigia namba uliyoihifadhi kabla ya safari. Wala usiirudie ile iliyokupigia, kwa sababu ukiirudia utaongea na mtu yuleyule. Mwalimu asipopokea, pigia mtu mzima wa pili aliye na timu. Asipopokea naye, pigia mzazi mwenzako ambaye mtoto wake yuko kwenye basi lilelile. Haya yote huchukua dakika tano, na hakuna mguu uliovimba unaoharibika kwa dakika tano.

Kuhusu hospitali, pia kuna la kujua. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Tunajua pale dirishani mambo hayaendi kila mara kama yalivyoandikwa, na hatutaki kukudanganya. Lakini hospitali, iwe Likoni, iwe Port Reitz, iwe Coast General, haina sababu ya kulipwa kwenye laini ya mtu binafsi. Omba namba ya malipo ya hospitali yenyewe, na uangalie jina. Unapotuma, simu hukuonyesha jina la anayepokea kabla pesa hazijatoka. Watu wengi hulipita jina hilo kama wanavyoipita alama ya kupunguza mwendo pale Bamburi. Ukiona jina la mtu usiyemjua mahali ambapo ulitarajia jina la hospitali, simamisha hapo hapo.

Kwa hivyo kabla mwanao hajapanda basi, hifadhi kwenye simu yako namba ya mwalimu wa michezo, namba ya mtu mzima wa pili, na uandike mahali na siku za mechi. Zihifadhi kwa majina ambayo utayapata hata mkono ukitetemeka: "Mwalimu Vikapu", basi. Shule ikikutumia barua ya ruhusa ya kusafiri bila mambo hayo, irudishe na uombe yaandikwe. Si ubishi huo.

Wanalijuaje jina la mwanangu?

Mara nyingi sisi wenyewe tumewaambia. Picha ya timu imewekwa Facebook, majina yote yameandikwa chini, shule imetajwa, na mjomba amejibu, "Hongera, mpwa wangu, namba 7!" Kiungo cha kujiunga na kundi la wazazi kimebandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kukibonyeza. Ndani ya kundi mna orodha: jina la mwanafunzi, jina la mzazi, namba ya simu. Mtu akiingia humo akakaa kimya wiki mbili, ana kila kitu.

Hatusemi msiweke picha. Mtoto akifunga kikapu cha mwisho sote tunataka kumwona. Ila orodha ya namba za wazazi ibaki kwa mwalimu na mweka hazina, na msimamizi wa kundi apitie majina mara kwa mara na kumuuliza kila asiyejulikana: wewe ni mzazi wa nani?

Pesa za timu kwenye laini ya mtu

Hapa ndipo pana ugomvi mwingi kuliko hata kwa matapeli, na wanaogombana ni watu wema.

Tuseme timu ya wasichana kutoka Changamwe imefuzu kwenda Nairobi. Wachezaji 12, ambao ndio idadi ya orodha ya mechi kwa kanuni za FIBA, pamoja na kocha na mwalimu: watu 14. Treni ya SGR kutoka Miritini, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 kwa mtu tangu Januari 2024 ilipopandishwa kutoka 1,000. Kwenda ni 21,000. Kwenda na kurudi ni 42,000, na bado hujanunua hata chupa ya maji. Familia 14 zikitoa 3,000 kila moja, nauli imetimia. Wazazi wanamchagua mmoja wao kuwa mweka hazina, mtu mwaminifu, mwenye duka, anayejulikana mtaani, na wanaanza kumtumia kwenye laini yake ya kila siku.

Sasa, mweka hazina huyo ana deni la Fuliza la shilingi 2,400. Alilitumia kununua stoki wiki iliyopita, halina ubaya wowote. Lakini Fuliza hujilipa yenyewe: pesa yoyote ikiingia kwenye laini yenye deni, deni hukatwa kwanza. Haiulizi ni mshahara, ni mauzo au ni nauli ya watoto. Mzazi wa kwanza anatuma 3,000. Papo hapo 2,400 zimeondoka. Salio limebaki 600, na mzazi ana ujumbe unaosema ametuma 3,000.

Mweka hazina hakuiba. Anajiambia atazirudisha akiuza Ijumaa. Anaona haya kusema. Ijumaa biashara inakuwa mbaya. Siku ya kukata tiketi hesabu haifiki, kundi linaanza kunong'ona, mtu anaweka ujumbe wa sauti wa dakika nne, na msichana mmoja ambaye mamake alitoa kwa tabu anaambiwa labda safari ijayo. Tunaandika haya kwa sababu swali moja tu lililoulizwa mapema lingeliepusha: je, laini hii ina deni?

Ulizeni. Ulizeni wote siku ya kwanza, kabla mtu hajachaguliwa, ili isionekane mmoja anashukiwa. Tangu Fuliza ianze 2019 imekuwa kama sukari jikoni, karibu kila nyumba unaikuta, kwa hivyo hakuna aibu ya kujibu ndiyo. Mwenye deni bado anaweza kuwa mweka hazina mzuri, akatumia laini nyingine isiyo na deni na isiyofanya biashara.

Ikiwa ni timu ya shule, sisi tunapendelea akaunti ya shule yenyewe, yenye namba ya Paybill na jina la shule, kuliko laini ya mtu yeyote, hata awe mwaminifu namna gani. Ikiwa ni timu ya chuo au ya mtaa, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi wawili au watatu. Inachosha siku ya kwanza, na haichoshi tena baada ya hapo.

Kama hamna budi kutumia laini ya mtu, basi taarifa ya laini hiyo iwekwe mezani kila wiki. Skrinshoti ya salio haitoshi, leteni taarifa yenyewe. Na mweka hazina naye ajilinde. Akitumiwa na mzazi ujumbe unaosema pesa zimetumwa, asiweke tiki mpaka aone salio lake limepanda. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa hutoka kwa jina MPESA, hautoki kwa namba ya mtu, na una kodi ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Ujumbe uliosambazwa na mtu mwingine unaweza kuhaririwa na mtoto wa darasa la sita.

Jambo jingine dogo kuhusu hesabu. Kwa viwango vya M-Pesa vinavyotumika sasa, kutuma 3,000 kwa mara moja ni shilingi 53. Kutuma 500 ni shilingi 7. Mzazi anayetoa 500 kila wiki kwa wiki sita amelipa ada ya 42, na hajawahi kukosa usingizi. Shilingi 11 si kitu, sawa, lakini 500 ya kila Jumamosi inapatikana hata kwa mwenye kuuza viazi karai, na 3,000 ya "leo jioni, tafadhali" haipatikani. Timu inayotangaza ratiba yake Januari inawapa wazazi nafasi hiyo. Timu inayotangaza Jumatano kwamba inasafiri Ijumaa inawapeleka wazazi kwa mikopo ya simu.

Tiketi zenyewe hazihitaji pesa taslimu. Kutoa 42,000 kwa wakala ni shilingi 278 za ada, na mtu anatembea na kibunda kutoka Magongo hadi Miritini. Tiketi za treni hukatwa kwa simu kupitia *639# na kulipwa papo hapo. Anayekwambia ana tiketi za timu nzima kwa bei ya chini, umtumie kwenye namba yake, anakuuzia hewa.

"Namba imebadilika"

Siku mbili kabla ya safari, ujumbe unaingia kutoka kwa akaunti ya WhatsApp ya mweka hazina mwenyewe, picha yake ni ileile: "Wazazi, laini yangu ina shida, tumeni kwa hii mpya." Akaunti imetekwa. Mara nyingi mwenyewe alipigiwa na mtu akaombwa amsomee tarakimu sita "zilizotumwa kwake kimakosa". Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yake.

Kubalianeni mapema kwamba namba ya mchango haibadilishwi kwa maandishi. Ikibadilika, mweka hazina na mwalimu wote wawili wapige simu, kwa sauti zao, au watangaze kwenye mkutano wa wazazi. Bila hivyo, namba ya zamani ndiyo namba.

Wanafunzi wa vyuo, hapa ndipo penu. Bango zuri linazunguka: mashindano ya vikapu ya watatu kwa watatu, zawadi ya maelfu, ada ya kuingia 2,000 kwa timu, lipia leo, nafasi zimebaki mbili. Mchezo wa watatu kwa watatu una watu wanne tu kwenye timu, kwa hivyo ni 500 kila mmoja na kila mtu anasema, ah, mia tano tu. Kabla ya kulipa, mpigieni mwenye uwanja uliotajwa. Mwulizeni kama siku hiyo imekodishwa na nani. Kisha angalieni Till iliyoandikwa inatoa jina gani. Mwandalizi wa kweli atafurahi mkiuliza. Wa uongo ataanza kuwaharakisha.

Vikapu vya saa nane usiku

Machi pia ni mwezi wa vyuo vya Marekani, na hili linatuhusu zaidi ya tunavyodhani, maana mikeka ya mechi hizo inachezwa mpaka vibandani kwetu Mishomoroni na Chaani. Vyuo vya kule vimegawanyika kwenye kanda zaidi ya 30. Mwanzoni mwa Machi kila kanda hucheza mashindano yake, na bingwa wake hupata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano makubwa ya taifa, ambayo tangu 2011 ni ya timu 68. Ukifungwa mara moja unakwenda nyumbani. Mechi ya saa moja jioni kule mashariki mwa Marekani ni saa tisa usiku kwetu, na ikifika Jumapili ya pili ya Machi wakisogeza saa zao mbele, inakuwa saa nane.

Saa nane usiku, macho mekundu, simu mkononi: hapo ndipo muuzaji wa "mechi iliyopangwa" anapokutafuta kwenye Telegram. Tuma 500, anasema, nikupe mechi ya uhakika, Namba Moja anacheza na kibonde. Mkumbushe mwaka 2018. Virginia, timu iliyopewa nafasi ya juu kuliko zote kwenye mashindano ya wanaume, ilikutana na UMBC, chuo ambacho wengi walikuwa hawajakisikia, na ikapigwa 74 kwa 54. Mwaka 2023 Purdue, namba moja mwingine, akatolewa na Fairleigh Dickinson. Anayejua matokeo ya mechi kama hizo hana sababu ya kuuza siri kwa shilingi 500 kwa mtu wa Bombolulu.

Hatuko hapa kumkataza mtu mzima aliyetimiza miaka 18 kufanya apendalo na pesa yake. Ila ajue kwamba tangu Julai 2025 ushuru wa asilimia 5 hukatwa pale tu unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari, yaani katika kila 1,000 unaanza ukiwa umeshapungukiwa na 50. Na mweka hazina wa timu asibeti na laini ya mchango. Hili tumeona heri tuliandike waziwazi.

Ukiwa umeshatuma

Pengine unasoma haya ukiwa umeshatuma jana, au dakika kumi zilizopita. Kama ni dakika kumi, acha kusoma na ufanye hivi. Chukua ujumbe wote wa M-Pesa wa muamala huo, kama ulivyo, uupeleke kwa 456. Ikiwa pesa bado ziko kwenye laini ya aliyepokea, zinaweza kushikiliwa na kurudishwa. Ikiwa ameshazitoa kwa wakala, hakuna cha kushikilia. Ndiyo maana tapeli hukuweka kwenye simu hata baada ya kutuma, anakuuliza kama kijana ana mzio wa dawa, anakuombea dua: anampa mwenzake muda wa kufika kwa wakala.

Kisha mpigie mtoa huduma wako. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, uandikishe na upewe namba ya OB, hata kama kiasi ni kidogo, kwa sababu namba hiyohiyo huenda imemlia na mama mwingine wa Shika Adabu asubuhi ileile. Waambie na wazazi wenzako kwenye kundi siku hiyo hiyo. Tunajua haya inauma kuliko pesa yenyewe. Lakini timu ina wachezaji 12, na tapeli aliyefaulu kwako ana orodha ya wengine 11.

Na siku mbili tatu baadaye ukipigiwa na mtu mpole, anayejua kiasi ulichopoteza, anayesema yuko ofisini na anashughulikia kurudishiwa kwako, anachohitaji ni PIN yako tu: huyo ni yuleyule wa saa nne asubuhi, au ni mwenzake.